2,147,483,647: Namba tasa iliyogeuka ukomo wa kompyuta

Andika tarakimu 1 mara 31 mfululizo, kisha uzisome kama kompyuta inavyosoma, kwa kizio cha pili badala ya kizio cha kumi tulichozoea. Namba utakayoipata ni 2,147,483,647. Kwa maneno: bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na themanini na tatu elfu, mia sita arobaini na saba.

Wapo watu wa aina mbili walioihifadhi namba hii kichwani. Wanahisabati wanaijua kwa kuwa ni namba tasa ya jamii adimu, iliyodaiwa kuwa tasa mwaka 1603 na kuthibitishwa mwaka 1772. Waandishi wa programu wanaijua kwa kuwa ndiyo namba kubwa kuliko zote inayoweza kutunzwa katika vyumba vingi vya kumbukumbu za kompyuta; ikiongezwa 1 tu, hesabu inavurugika.

Ukubwa wake si hoja. Namba kubwa kuliko hii hazina mwisho, na nyingi kati yake huvunjika kwa kugawanya kwa 3 au kwa 7 tu. Kilichoipa jina namba hii ni namna ilivyojengwa, na muundo huohuo ndio umeiweka kwenye vihesabu, kwenye ndege na kwenye kalenda za mashine tunazozitumia kila siku.

Moja 31 mfululizo

Katika kizio cha kumi, namba inayotangulia 10,000 ni 9,999, yaani tarakimu kubwa kuliko zote ikijirudia. Kizio cha pili kina tarakimu mbili tu, 0 na 1, kwa hiyo namba inayotangulia kila kipeo cha 2 huandikwa kwa moja tupu. 3 huandikwa 11, 7 huandikwa 111, 15 huandikwa 1111, na 31 huandikwa 11111. Ukizizidisha 2 thelathini na moja unapata 2,147,483,648. Toa 1, umefika. Kwa kifupi huandikwa 2³¹ − 1.

Namba tasa, kama tulivyofundishwa darasani, ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 na isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Je, namba za moja tupu huwa tasa lini?

Jibu la kwanza ni jepesi. Kipeo, yaani idadi ya hizo moja, kikigawanyika, namba yake nayo hugawanyika. Chukua moja sita, 111111, ambazo ni 63. Moja hizo zinaweza kupangwa katika mafungu mawili ya tatu tatu, kwa hiyo 63 inagawanyika kwa 111, yaani 7: 7 mara 9 ni 63. Vivyo hivyo moja nne, ambazo ni 15, hupangwa mbili mbili, na 15 inagawanyika kwa 3. Kipeo kikiwa tasa, moja zake haziwezi kupangwa katika mafungu yaliyo sawa, na hapo namba hupata nafasi ya kuwa tasa.

Ni nafasi tu, haina dhamana. Vipeo 2, 3, 5 na 7 vinatoa 3, 7, 31 na 127, na zote ni tasa. Mwanafunzi akiishia hapo atadhani amegundua kanuni. Kipeo kinachofuata, 11, kinatoa 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Kanuni imevunjika. Tangu hapo kila kipeo tasa kinapaswa kuchunguzwa chenyewe, na wengi waliojaribu kukisia waliumbuka.

Mtawa wa Paris na orodha yake

Wa kwanza kuumbuka kwa namna inayohusu namba yetu alikuwa Pietro Cataldi wa Bologna, Italia. Mwaka 1603 alichapisha kazi iliyoonyesha kwamba vipeo 17 na 19 vinatoa namba tasa, 131,071 na 524,287. Hizo alizipima kwa haki, kwa kuzigawanya kwa kila namba tasa iliyostahili kujaribiwa. Kisha akadai kwamba 23, 29, 31 na 37 navyo vinatoa namba tasa. Hapo alikuwa anakisia.

Madai hayo yakaanza kuanguka moja baada ya jingine. Mwaka 1640 Pierre de Fermat wa Ufaransa alionyesha kwamba 23 na 37 havifai. Mwaka 1738 mwanahisabati Leonhard Euler akaivunja ya 29: namba yake, 536,870,911, ni zao la 233, 1,103 na 2,089. Kati ya makisio manne ya Cataldi likabaki moja, la 31.

Katikati ya visa hivyo alitokea Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Minim aliyeishi Paris na kuandikiana barua na Descartes, Fermat na wataalamu wengine wa zama zake. Mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo vyote hadi 257 vinavyotoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakuna aliyeamini kwamba amezipima zote; namba ya kipeo 257 ina tarakimu 78. Miaka mingi baadaye orodha ilisahihishwa: 67 na 257 ziliondolewa, 61, 89 na 107 zikaongezwa. Hata hivyo jina lake lilibaki, na hadi leo namba za namna hii huitwa namba tasa za Mersenne. 2,147,483,647 ni ya nane katika safu hiyo.

Jinsi Euler alivyoifunga hesabu

Kuthibitisha kwamba namba ya tarakimu 10 ni tasa bila mashine ni kazi ya kuchosha, lakini akili inaweza kuipunguza. Hatua ya kwanza inajulikana tangu zamani: hakuna haja ya kujaribu vigawo vilivyo vikubwa kuliko kipeuo cha pili cha namba. Namba ikigawanyika, lazima kimoja kati ya vigawo vyake viwili kisizidi kipeuo hicho. Kipeuo cha pili cha 2,147,483,647 hakifiki 46,341. Namba tasa zilizo chini ya hapo ni karibu 4,800. Kugawanya mara 4,800 kwa mkono kunawezekana, ila kosa dogo kwenye ukurasa mmoja linaharibu kazi yote.

Hatua ya pili ilitokana na Fermat. Kigawo chochote tasa cha 2³¹ − 1 lazima, kikigawanywa kwa 62, kibakize 1. Namba 62 ni mara mbili ya kipeo 31, na kanuni inafanya kazi kwa kila kipeo tasa kinachozidi 2. Ijaribu kwa 11: mara mbili yake ni 22, ongeza 1, unapata 23, na kweli 23 inagawanya 2,047. Kwa 23: mara mbili yake ni 46, ongeza 1, unapata 47, na 47 inagawanya 8,388,607. Kwa 29, mara mbili yake ni 58; anza na 59, kisha 117, kisha 175, kisha 233, na hapo ndipo Euler alipoinasa ile ya mwaka 1738.

Hatua ya tatu aliiongeza Euler: kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Ukiunganisha masharti yote mawili, namba zinazostahili kujaribiwa ni zile tu ambazo zikigawanywa kwa 248 hubakiza 1 au 63. Chini ya 46,341, ukiiacha 63 yenyewe, namba hizo ni 372. Ukiondoa ambazo zenyewe si tasa, hazifiki hata 100. Kazi ya kurasa na kurasa imekuwa kazi ya siku chache.

Euler alizijaribu, hakuna iliyogawanya. Mwaka 1772, akiwa St Petersburg, Urusi, mwenye umri wa miaka 65 na karibu kupoteza uwezo wote wa kuona, alitoa taarifa hiyo katika barua kwa mmoja wa wataalamu wa ukoo wa Bernoulli. Namba ya Cataldi na Mersenne ilikuwa tasa kweli. Kwa zaidi ya miaka 80 iliyofuata hakuna aliyethibitisha namba tasa kubwa kuliko hiyo.

Euler huyohuyo alikuwa tayari ameipindua imani nyingine ya Fermat, karibu kabisa na namba hii. Fermat aliamini kwamba 2³² + 1, yaani 4,294,967,297, ni tasa. Mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba ni 641 mara 6,700,417. Tazama na jirani yake wa chini, 4,294,967,295: hiyo ni zao la 3, 5, 17, 257 na 65,537. Jirani hao wako hatua moja tu kutoka 2,147,483,647 katika ngazi ya vipeo vya 2, na wote wawili wamevunjika.

Utabiri uliokosewa

Namba tasa za Mersenne zina ndugu zao, namba timilifu. Namba timilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa huirudisha. Vya 6 ni 1, 2 na 3, na jumla yake ni 6. Vya 28 ni 1, 2, 4, 7 na 14, na jumla yake ni 28. Zinazofuata ni 496 na 8,128.

Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita Euclid alionyesha kwamba kila namba tasa ya Mersenne inazaa namba timilifu: izidishe kwa kipeo cha 2 kinachotangulia kile chake. Kwa 7, ambayo ni 2³ − 1, zidisha kwa 4, unapata 28. Euler akathibitisha upande wa pili, kwamba namba timilifu zote zilizo shufwa hupatikana kwa njia hiyo. Namba timilifu iliyo witiri haijaonekana hata moja, na hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Kwa hiyo Euler alipoithibitisha 2,147,483,647, aliipata papo hapo namba timilifu ya nane: 2,305,843,008,139,952,128. Mwaka 1811 Peter Barlow, mwanahisabati wa Uingereza, aliitaja katika kitabu chake na kutabiri kwamba haitapatikana kubwa kuliko hiyo. Hoja yake ilikuwa kwamba namba hizi ni za kustaajabisha tu, hazina matumizi, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine.

Barlow alikosea yote mawili. Mwaka 1876 Édouard Lucas wa Ufaransa alithibitisha kwamba 2¹²⁷ − 1 ni tasa, namba yenye tarakimu 39. Mwaka 1883 Ivan Pervushin, kasisi wa Kirusi, akaiongeza ile ya kipeo 61 aliyoisahau Mersenne. Mwaka 1903 Frank Nelson Cole alisimama mbele ya wanahisabati wa Marekani na, kama inavyosimuliwa, bila kutamka neno akaandika ubaoni kwamba 2⁶⁷ − 1 ni 193,707,721 mara 761,838,257,287, kisha akarudi kuketi. Mwaka 1952 Raphael Robinson aliitumia kompyuta iliyoitwa SWAC kupata tano mpya kwa mwaka mmoja.

Kipimo kinachotumika leo kilianzishwa na Lucas na kuboreshwa na Derrick Lehmer, nacho kinaweza kufanyiwa mazoezi jikoni. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2, kisha gawanya kwa namba unayoipima na ubaki na baki. Rudia. Ukiipima 31: kutoka 4 unapata 14, kutoka 14 unapata 194, ambayo ikigawanywa kwa 31 inabakiza 8, kutoka 8 unapata 62, ambayo inabakiza 0. Hatua ziwe pungufu kwa 2 ya kipeo, na mwisho ukiwa 0, namba ni tasa. Kwa 31, yenye kipeo 5, hatua ni tatu. Kwa 2,147,483,647 ni hatua 29.

Kwa kipimo cha jamii hiyo, watu wa kujitolea waliojiunga katika mradi wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka 1996, wameendelea kuvunja rekodi. Oktoba 2024 Luke Durant, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi kampuni ya Nvidia, aliipata 2¹³⁶'²⁷⁹'⁸⁴¹ − 1. Namba hiyo ina tarakimu 41,024,320. Ni ya 52 kati ya namba tasa za Mersenne zinazojulikana.

Majirani, baki na bahati nasibu

Tukirudi kwa namba yetu, ina tabia nyingine zinazoitenga. Ukizipanga namba tasa zote kuanzia 2, hii inashika nafasi ya 105,097,565. Namba tasa inayoitangulia ni 2,147,483,629 na inayoifuata ni 2,147,483,659. Haina pacha, kwa maana ya namba tasa mbili zinazopishana kwa 2 kama 11 na 13: ukitoa 2 unapata namba inayoishia na 5, na ukiongeza 2 unapata namba inayogawanyika kwa 3.

Kipeo chake, 31, nacho ni namba tasa ya Mersenne. Hali hiyo ya kuwa Mersenne juu ya Mersenne ni adimu kuliko zote. Zinazojulikana ni nne tu: 7, 127, 2,147,483,647 na ile ya Lucas ya tarakimu 39.

Sasa toa 1. Unapata 2,147,483,646, na hiyo inavunjika vipande vipande: 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Maana yake ni kwamba namba yetu ikigawanywa kwa 3, 7, 11, 31, 151 au 331 hubakiza 1 daima. Jambo hilo linaonekana la mchezo, lakini liliwapa wataalamu wa kompyuta chombo cha kazi.

Kompyuta haijui kubahatisha. Inapohitaji namba za bahati nasibu, kwa mchezo au kwa majaribio ya kitaalamu, hutengeneza mfuatano unaoonekana hauna mpangilio. Mwaka 1969 wataalamu watatu, Lewis, Goodman na Miller, walipendekeza njia hii: chukua namba yoyote ya kuanzia, izidishe kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, tunza baki, kisha rudia kwa baki hilo. Ukianza na 1 unapata 16,807, kisha 282,475,249, kisha 1,622,650,073, na kuendelea. Kwa kuwa namba ya kugawanyia ni tasa na 16,807 ilichaguliwa kwa kuzingatia vile vipande vya 2,147,483,646, mfuatano hupita kwenye namba zote 2,147,483,646 bila kurudia hata moja kabla ya kuanza upya. Mwaka 1988 Stephen Park na Keith Miller waliipendekeza njia hiyo iwe kiwango cha chini kwa programu zote. Leo haifai kulinda siri za benki, lakini bado inapatikana katika maktaba za lugha ya C++.

Ukuta wa biti 32

Kompyuta za kizazi kilichopita, na vifaa vidogo vingi vya leo, hutunza namba katika vyumba vya biti 32, yaani tarakimu 32 za 0 au 1. Biti moja hutumika kuonyesha kama namba ni chanya au hasi. Zinabaki 31. Zote zikiwa 1, umefika 2,147,483,647. Ukiongeza 1 kinatokea kile kinachotokea kwa mita ya gari la zamani ikimaliza 99,999, ila kompyuta hairudi kwenye 0. Biti ya alama inageuka, na hesabu inaruka hadi hasi 2,147,483,648.

Mashine haijali kama namba hiyo ni tasa. Kipimo chake ni kujaa kwa chumba.

Kisa kilichosikika sana kilitokea Desemba 2014. YouTube ilitangaza kwamba video ya Gangnam Style ya mwanamuziki PSY wa Korea Kusini imetazamwa zaidi ya mara 2,147,483,647, na kwamba kihesabu kimehamishiwa kwenye biti 64. Ukomo mpya ni 9,223,372,036,854,775,807. Hapa ndipo ukubwa na muundo vinapoachana. Ukomo mpya ni mkubwa mara zaidi ya bilioni nne, lakini kwa kuwa kipeo chake ni 63, na 63 inagawanyika, namba hiyo inagawanyika kwa 7, tena mara mbili.

Mwaka 2015 kilikuja kisa kisichochekesha. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, iliagiza ndege aina ya Boeing 787 zizimwe umeme wote mara kwa mara. Ilibainika kwamba vidhibiti vya jenereta, vikiwashwa siku 248 mfululizo, vingeweza kujizima vyote kwa pamoja, hata ndege ikiwa angani. Piga hesabu mwenyewe: 2,147,483,647 za sehemu ya mia ya sekunde ni siku 248 na nusu.

Afrika Mashariki hatuko mbali na ukuta huu. Namba ya simu ya Tanzania ikiandikwa na 255 mbele, au ya Kenya na 254, ina tarakimu 12. Mwandishi wa programu anayeitunza kama namba ya kawaida ya biti 32 katika hifadhidata ya MySQL, ikiwa haijawekewa masharti makali, atakuta wateja wake wote wameandikiwa namba moja ya simu: 2147483647. Na fedha zetu zina sifuri nyingi. Shilingi bilioni 2.1 ni mkataba wa kawaida wa ujenzi. Mfumo unaotunza kiasi kwa senti, kama inavyofanywa kwa sarafu nyingine duniani, utafika ukomo kwenye shilingi 21,474,836 na senti 47, ambayo kwa Tanzania ni bei ya gari dogo lililotumika.

Tumeshaionja

Mwaka 2024 wateja wa umeme wa kulipia kabla, wa LUKU Tanzania na wa tokeni Kenya, walitakiwa kuingiza kwenye mita tarakimu za ziada kabla ya zile za umeme walionunua. Wengi walizibonyeza bila kuelezwa sababu. Sababu ilikuwa ya jamii hiihii. Katika STS, mfumo wa tokeni unaotumiwa na mita hizo, kila tokeni ilibeba hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993, iliyotunzwa katika biti 24. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, na dakika hizo ziliisha Novemba 24, 2024. Mita ambayo haikusasishwa ingekataa tokeni mpya.

Tarehe ya biti 24 imepita. Ya biti 31 inakuja. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu Januari 1, 1970. Sekunde 2,147,483,647 ni miaka 68 na siku chache. Zitatimia Jumanne, Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde itakayofuata, kifaa ambacho hakijarekebishwa kitaamini kwamba ni usiku wa Desemba 13, 1901.

Simu na kompyuta mpya nyingi zimevuka, kwa kuwa hutunza muda kwa biti 64. Mfumo wa Linux ulirekebishwa kwa vifaa vya biti 32 tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Hatari iko kwenye vifaa vinavyofungwa ukutani na kusahaulika: mita, vidhibiti vya pampu na milango, mitambo ya viwanda, vifaa vya hospitali, mashine za malipo. Vifaa vya aina hiyo hukaa miaka 15 hadi 20. Kinachofungwa leo kinaweza kuwa bado kinafanya kazi siku hiyo.

Kwa hesabu zinazotazama mbele, siku hiyo imeshafika. Mkopo wa nyumba wa miaka 15 uliosainiwa mwaka 2024 unaisha 2039. Pensheni ya mfanyakazi aliyeajiriwa mwaka huu inapigiwa hesabu mbali zaidi ya hapo. Programu ya zamani ikipewa tarehe hizo inaweza kukosea sasa hivi.

Wanaoandika zabuni za mita, za mifumo ya hospitali na za mashine za malipo waongeze sharti moja: kila kifaa kiwekwe tarehe ya Januari 19, 2038, kiachwe kivuke saa 12 na robo asubuhi, na kionyeshe kwamba bado kinajua mwaka. Jaribio hilo huchukua dakika chache na halina gharama. Kitakachoshindwa kisilipiwe.